Sahani Hairudi Tupu

Mwaka ule nilipanga chumba Muraqqabat, Dubai, katika fleti ya watu wengi. Nililinda ghala Al Quoz, na siku za mapumziko nikasomea historia kwa mtandao. Insha yangu ilihusu makoloni mawili jirani yaliyojadiliana biashara: pokea mahindi yangu bila ushuru, nami nipokee sukari yako vivyo hivyo. Nilijiona bingwa wa nipe nikupe. Kinyozi hajinyoi.

Chumba cha pili aliishi mama wa Kizanzibari, mpishi wa harusi za watu wa kwao. Alinibishia hodi na sahani ya buluu: mara vitumbua, mara mkate wa kumimina, mara samaki wa kupaka. Nilikula, nikaosha sahani ikang'aa, nikairudisha na asante nyingi. Baada ya mara ya tatu haikuja tena. Wiki mbili nzima salamu zake zikawa za midomo tu. Niliumia, maana Dubai nzima hakuna mwingine aliyeniuliza kama nimekula.

Ijumaa moja jikoni, kwa kutafuta gumzo, nikamsimulia insha yangu. Akaweka mwiko chini.

"Kwa hiyo huyu akipeleka mahindi, na yule alete kitu?"

"Eeh Mama, lazima. Hiyo ndiyo fair."

"Na sahani yangu imerudi tupu mara ngapi?"

Nilitamani sinki linimeze. Mama yangu mzazi alinifunza kuosha chombo cha watu, basi.

"Aki Mama, sorry. Sikujua."

"Ukoloni huo, mwanangu," akasema, akicheka sasa. "Kuchukua umejua, kuleta hujajua. Kwetu sahani hairudi tupu. Hata chumvi ungetia, ningeridhika."

Mazungumzo yakaanza palepale. Bidhaa yangu ilikuwa githeri. Akafunua sufuria, akaichungulia kwa huzuni.

"Mahindi na maharage haya yamekutana njiani tu. Hayajajuana."

Akakubali yaingie kwake kwa sharti kwamba ayatie tui la nazi. Mimi nililiita ushuru. Yeye aliliita huruma. Tangu hapo sahani ikaenda na kurudi kila Ijumaa, nami nikanenepa hadi sare ya kazi ikanibana.

Kisha kibali chake kikaisha, akatakiwa kurudi kwao. Siku ya safari niliomba ruhusa kazini nikanyimwa. Niliporudi nilikuta sahani ya buluu mlangoni pangu, imefunikwa kitambaa, ina vitumbua sita. Chumba chake kilikuwa kimefungwa.

Nilikula vyote, machozi yakinitoka. Nikaosha sahani, nikakanda unga, nikapika chapati nne na kuzipanga juu yake zikiwa moto. Nilivuka ukumbi hadi mlangoni kwake na kuinua mkono nibishe hodi, ndipo nikakumbuka.