Sahani Chini ya Kawa

Kwa miaka miwili niliswali nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na hakuna siku niliyokipenda. Najua dini haimbebeshi mgonjwa asichokiweza. Aliyeshindwa kusimama hukaa, aliyeshindwa kukaa hulala. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja na kuridhika ni jingine. Kando yangu mama yangu mzazi, mwenye miaka sabini na kitu, alikuwa akishuka mkekani na kuinuka bila kushika popote. Mimi bintiye, karani wa ofisi ya wilaya hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nimekaa juu kama mgeni rasmi. Nikifika pa kusujudu niliinamisha kichwa kidogo, nikayaona magoti yangu, nikayalaani kimoyomoyo ndani ya swala. Mungu anisamehe, ila ndivyo ilivyokuwa.

Magoti yenyewe hayakuwa na kosa. Yalikuwa yanabeba mtu na nusu. Nilikwenda kituo cha afya nikaonana na muuguzi, msichana aliyeletwa kazini kutoka Inhambane, kusini kabisa mwa nchi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa maneno matano na yote ya sokoni. Tukaongea Kireno. Aliyabonyeza magoti, akayakunja, akayasikiliza yanavyolia, kisha akanitazama juu mpaka chini. Akaniuliza usiku ninakula saa ngapi. Nikamwambia baada ya isha, kama watu wote.

“Ndiyo hapo, mamã,” alisema. “Depois das dezoito, nada. Ikishafika saa kumi na mbili jioni usitie kitu kinywani. Chakula cha usiku unalala nacho, ndiyo mafuta hayo. Asubuhi kula utakavyo, utakitumia mchana.”

Nilimpenda kwa sababu alinipa kitu cha kufanya. Mimi si mtu wa kupaka dawa na kusubiri. Nilitoka pale nimeshaamua kwamba nitapungua, nitashuka chini, na paji la uso wangu litagusa mkeka. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi huko mvunguni sikuwa na changu, nilichokitaka ni kuinama kwenyewe.

Mizani ya kituo sindano yake ilikuwa imegoma, kwa hiyo nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja anayeleta mchele kutoka ng’ambo kupitia mpaka wa Namoto. Dukani kwake kuna mizani ya chini, ya kupimia magunia. Nikavua viatu nikapanda. Kilo tisini na mbili.

“Dada, bado kilo nane uwe magunia mawili,” alisema.

Nikamwambia apime mchele wake aniachie mambo yangu. Nikamwambia pia kwamba nitarudi kila Jumamosi, apende asipende.

Nyumbani nilimweleza mama kwamba daktari amenikataza kula usiku. Muuguzi nilimpandisha cheo kwa makusudi, maana mama hana masikio ya wauguzi. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, “Kakataza wali, au kakataza usiku?” Nikamjibu, usiku. “Haya,” akasema, akaendelea na mchele wake. Mama yangu si mtu wa kusema “haya” kirahisi namna ile. Ningekuwa na akili ningeshtuka.

Wiki ya kwanza niliteseka. Mama akipakua, harufu ya nazi ilinifuata chumbani mpaka chini ya shuka. Nilijifunga kanga tumboni, nikanywa maji, nikajisemea kwamba waja wa Mungu wanafunga mwezi mzima na hawafi. Nilijivunia mno. Ofisini niliwahutubia wenzangu kuhusu saa za kula mpaka wakaanza kunikwepa saa ya mapumziko.

Sasa nieleze habari ya asubuhi. Katika nyumba za huku kwetu kila mtu ana fungu lake. Wakati wa kupakua, usipokuwepo, au ukiwepo lakini hujala, fungu lako linatiwa sahanini, linafunikwa kawa la ukindu, na linakungoja. Halipewi paka, halimwagwi. Kumwaga wali ni dhambi, na kuuacha ni kumtukana aliyeupika. Basi kila nilipoamka alfajiri nilikuta sahani yangu juu ya meza ya jikoni. Chini ya kawa kuna wali, kuna kichwa cha samaki changu, kuna mchuzi ulioganda ukashikana na wali vizuri zaidi kuliko jana yake. Nani asiyejua kwamba kiporo kina utamu wake? Muuguzi alisema asubuhi nile nitakavyo. Nikala, nikamwomba Mungu ambariki.

Halafu, saa moja ikifika, nikanywa chai, na vitumbua vitatu au vinne. Kwani chai ni chai. Kiporo sikukihesabu kuwa mlo. Kwa akili yangu kula kiporo kulikuwa ni kuokoa mali isipotee.

Jumamosi ya tano mizani ilisema tisini na nne.

Nilimgeukia mwenye duka, nikamwambia mizani yake mbovu na biashara yake ya wizi. Hakukasirika. Akapanda yeye mwenyewe, akaniita nisome. Uzito wake ulikuwa ule ule wa siku zote. Kisha akapandisha gunia lililoandikwa hamsini, ikasoma hamsini. “Mizani haina ndugu, dada,” alisema, na safari hii alinihurumia, jambo lililoniudhi zaidi.

Nilirudi kwa miguu nimevimba kwa hasira. Nikaanza kupitisha siku yangu kichwani, tangu kuamka mpaka kulala, nikitafuta mwizi. Sikumaliza hata nusu ya njia nikamkamata. Chakula cha usiku sikuwa nimekiacha. Nilikuwa nimekihamisha tu, nimekitoa upande huu wa usingizi nikakipeleka upande wa pili, nikakipandisha juu ya chai na vitumbua vilivyokuwa pale tangu zamani. Tena fungu lenyewe lilikuwa limekua. Mama alinionea huruma kwamba nalala na njaa, na mtu aliyelala na njaa huongezewa miiko miwili. Nilisimama katikati ya barabara nikacheka peke yangu, mtu mzima, karani wa serikali.

Jumatatu nilimweleza muuguzi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifuta macho akanieleza vizuri, kama alivyopaswa kunieleza mwanzo, na mimi kama nilivyopaswa kuuliza.

“Saa yenyewe hainenepeshi mtu, mamã. Nawakataza usiku kwa sababu wengi wakila usiku wanaongeza juu ya walichokwisha kula mchana, halafu wanalala tumbo limejaa. Wengine wakiacha usiku wanapungua, kwa sababu hawakirudishi asubuhi. Wewe ulikirudisha na riba. Jumla ya siku nzima ndiyo magoti yako yanayoibeba. Ukila kidogo saa mbili za usiku ukatosheka, si neno. Hiyo sahani ya alfajiri ndiyo uiache.”

Ilikuwa rahisi kusema. Yeye ni wa Inhambane, hajui alichoniagiza. Pwani yetu hii kuna watu watatu tu wasiowekewa fungu, nao ni aliyekufa, aliyehama, na aliyegombana na nyumba. Kumwambia mama asiniwekee ni kujifanya mwenyewe mmoja wao. Nilizunguka na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne nilimkuta uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikajikaza.

“Mama, kuanzia leo usiniwekee.”

Nazi ikasimama mkononi. “Nisikuwekee n’ni?”

“Fungu langu. Chakula cha usiku.”

“Unahama?”

“Sihami, mama.”

“N’mekukosea?”

“Hujanikosea kitu.”

Aliiweka nazi kwenye sinia. Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka ule watu wenye silaha walipoingia mjini, mimi nilikuwa ofisini na yeye nyumbani, na kila mmoja alikimbia na njia yake. Mimi nilitembea msituni na wenzangu mpaka tukapata gari la kutupeleka mji wa Pemba, huku huku Msumbiji. Yeye wavuvi walimvusha mpaka kisiwa cha Rongui. Miezi mitano hakuna aliyejua kama mwenzake yu hai. Tulipokutana tulikumbatiana, tukalia, tukarudi kujenga upya, na mambo ya miezi ile hatukuyagusa tena. Nilidhani tumeyamaliza.

“Kule Rongui n’likuwekea kila jioni,” alisema. Hakunitazama. “Sahani ya kuazima. Tukipata samaki n’nakuwekea, tukipata muhogo mkavu n’nakuwekea. Wanawake wenzangu wakanambia, bibi, huyo mwanao hayupo, wafunika n’ni? N’kawambia, siku n’takayoacha kufunika n’takuwa n’meshakubali. Asubuhi n’nampa alo na njaa. Jioni n’nafunika tena. Leo umo ndani ya nyumba yangu, wewe wanambia n’siweke?”

 Nilikaa chini kwenye kizingiti, magoti yakalia, nami nikalia. Nilikuwa nimeiona sahani ile miaka yote nikadhani ni wali. Nilitaka kumwambia basi, mama, niwekee, nitakula viporo mpaka nivunje mizani ya watu. Neno lilifika ulimini.

Lakini ukaidi wangu sikuuokota njiani. Nimeurithi kwa mwanamke yule yule aliyekataa kukubali miezi mitano mizima. Nikajipangusa kwa ncha ya kanga, nikamwambia ukweli ambao kumbe sikuwahi kumwambia. “Mama, nataka kusujudu. Nimechoka na kile kiti.”

Akanigeukia. “Kumbe ni swala?”

“Ulidhani nini?”

“N’lidhani watafuta mume.”

Tukacheka, machozi bado hayajakauka. Na pale pale, kati ya mbuzi na kifuu, tukaandikiana mkataba usio na karatasi. Mimi nitakula usiku, baada ya isha, pamoja naye, kwenye sinia moja. Fungu langu litakuwa nusu ya lile la zamani. Nitalila mbele ya macho yake mpaka liishe, ajue limeingia kwa mwenyewe. Tukimaliza, sahani zote zinaoshwa, na asubuhi mimi nina chai yangu na kitumbua kimoja. Alikubali, ila alitaka viwe viwili. Nikakataa.

Kukubali ni kitu kimoja na mkono wa mama ni kitu kingine. Akili yake ilikuwa imekubali nusu, lakini vidole vyake havikuwa na habari. Tukiwa tunakula alikuwa akisukuma minofu upande wangu, kidogo kidogo, huku ananisimulia habari za watu ili nisione. Nami nairudisha. Anaisukuma tena. Kuna siku kichwa cha samaki kimoja kilivuka sinia mara sita, na mwisho tukamwita jirani aje akile yeye. Kwenye harusi moja nilipanda kilo mbili kwa juma moja. Idi nayo ikanirudisha nyuma. Kila nilipoteleza nilipanda mizani ya mchele Jumamosi, nikasoma aibu yangu, nikashuka, nikaendelea. Nikaanza kwenda ofisini kwa miguu. Sikuona miujiza yoyote, wala sikuitafuta. Mwezi wa tisa wa mkataba wetu sindano ilisimama kwenye themanini na moja, na mwenye duka akaniuliza kwa sauti ya chini mke wake naye afanye nini.

Kesho yake, Jumapili, alasiri, nilikitoa kiti cha plastiki nikakiweka uani, nikatandika mkeka wangu kando ya wa mama. Alikiona kiti kule nje, akausogeza mkeka wake kunipa nafasi. Tukafunga swala. Rukuu niliiweza. Kisha nikaegemea ukuta kwa kiganja, nikalikunja goti la kushoto, nikalikunja la kulia. Liliuma, nikalilaani kimoyomoyo kama zamani, likakunjika. Nikashuka. Mikono ikafika, pua ikafika, paji la uso likakaa juu ya ukindu. Nilisikia damu ikikimbilia kichwani, na kwa furaha nikasahau nimekwisha kusema subhana mara ngapi. Kuinuka kulikuwa kazi. Nikainuka, nikashuka tena, rakaa zote nne.

Baada ya salamu mama ana desturi ya kurudi chini mara moja zaidi, akamwomba Mungu mambo yake kwa maneno yake mwenyewe. Miaka miwili nilikuwa nikimsubiri nikiwa juu ya kiti, nasikia mnong’ono tu. Safari hii nami nilirudi chini, kwa kuwa niliweza. Sikio langu likawa kando ya mdomo wake.

“Ya Rabbi, nirudishie mwanangu,” alikuwa anasema. “Nirudishie mzima. Usimwache njiani.”

 Alilisema ombi hilo mara tatu, haraka haraka, kama mtu aliyelisema maelfu ya mara. Nilimngoja akainuka, nami nikajiinua kwa kushika ukuta, nikamgeukia.

“Mama,” nilimwambia, “mimi si nimerudi? Huu mwaka wa ngapi niko hapa na wewe?”

Alikuwa ameshaanza kuukunja mkeka wake.

“Umerudi,” alisema. “Kwani kesho huendi ofisini tena?”