Ndege Iliyojaa

Juzi, ndege yangu ya kwenda Kilimanjaro ilipopita juu ya milima ya Usambara, viti vingi vilikuwa vitupu. Nikaikumbuka harufu ya plamu za bibi.

Nilikuwa mdogo, na mama alikuwa amepanda ndege kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mchana mmoja, kule Irente kwa bibi, milimani Usambara, niliposikia muungurumo wa ndege angani, nilikimbilia barabarani na kikapu cha plamu, nikaipungia mkono kama tulivyolipungia basi la Lushoto. Nilitaka inipeleke kwa mama. Ikapita.

"Bibi, mbona haisimami?"

"Imejaa, mjukuu wangu. Tungoje nyingine."

Tukangoja mpaka ukungu ukaziba bonde, plamu tukazila wenyewe.

Juzi nilitamani kumwambia rubani asimame pale Irente. Nafasi zilikuwepo.