Ndoo ya Kumi na Tisa

Nilifundisha somo la uraia huko Bunda kwa miaka mingi, na kila mwaka nilichora ubaoni maduara mawili. Katika moja niliandika demokrasia, utawala wa wengi. Katika jingine oligarkia, utawala wa wachache. Wanafunzi walinakili, wakafaulu, nami nikastaafu nikiamini kwamba tofauti hiyo ninaifahamu.

Niliporudi kijijini kwetu, upande wa Butiama, nilipewa uenyekiti wa kamati ya kisima. Kisima kina pampu moja, na kando yake birika la kunyweshea mifugo. Tulikuwa wazee wanne. Hatukupigiwa kura na mtu yeyote. Tulijiona wenyewe kuwa tunafaa. Hakuna kati yetu aliyekuwa mwovu, wala aliyejinufaisha kwa siri. Tulifanana tu. Sote tulikuwa na ng'ombe, na hakuna aliyewahi kujitwisha ndoo. Kwa hiyo tulipoamua kwamba asubuhi birika lijazwe kwanza, ndoo zifuate, uamuzi ulipita bila mjadala.

Mke wangu alikuwa na presha ya jicho la kushoto. Daktari wa Musoma alimwagiza asikose kliniki ya kila mwezi, la sivyo jicho lile lingezima kabisa. Siku moja jirani aliniambia kwamba mke wangu amekwisha kukosa kliniki mbili kwa sababu ya foleni ya maji. Nilimjibu kuwa sipokei maneno ya kuambiwa.

"Basi nenda ukaone, Mwalimu," alisema. "Wewe macho yako yote mawili ni mazima."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Ndoo zilikuwa zimepangwa mstari, kwa desturi ya pale: ndoo husimama mahali pa mwenyewe, naye huketi pembeni, wala hakuna athubutuye kuiruka. Nilizihesabu. Ya mke wangu, ile ya bluu yenye mpini wa waya, ilikuwa ya kumi na tisa. Ng'ombe walikuwa bado wanakunywa, wangu wakiwamo.

"Mwenyekiti leo amepotea njia," alisema mama mmoja.

"Hajapotea," mwenzake akamjibu. "Amekuja kuangalia kama ng'ombe wake wameshiba. Sisi tunakaaga hapa mpaka saa nne, hajawahi kutuulizia."

Walicheka. Niliishika ndoo ya bluu ili niisogeze mbele.

"Iache, mzee wangu," mke wangu alisema taratibu. "Mimi sikuolewa na kamati."

"Na kliniki?"

"Ni leo. Gari limeshaondoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia foleni inawachelewesha wanawake. Ukaniuliza nimeyasikia kwa nani."

Niliketi kando yake hadi zamu yake ilipofika. Ndoo niliibeba mimi, begani, na nusu ya maji ilinimwagikia.

Nilipotaka kuitisha mkutano wa kaya zote, wenzangu watatu walipinga. "Watu hao wanajua nini kuhusu pampu?" aliuliza mmoja. Nilimjibu kwamba wanaijua foleni, sisi hatuijui. Niliuitisha hivyo hivyo, ukafanyika pale pale kisimani, na kila kaya ilipiga kura kwa ndoo moja: kushoto kwa anayetaka ndoo zitangulie, kulia kwa anayetaka mifugo itangulie. Mstari wa kushoto ulifika barabarani. Kisha wakanivua uenyekiti, wakampa yule mama aliyesema nimepotea njia. Sitasema uongo: iliniuma.

Wala wengi hao hawakuwa na hekima isiyo na dosari. Siku hiyo hiyo waliamua kwamba ng'ombe wasinywe kabisa hadi jioni. Siku ya tatu ng'ombe wenye kiu waliuvunja uzio na kuzikanyaga ndoo zilizokuwa foleni. Wiki haikwisha, wakakutana tena na kuipa mifugo zamu ya saa tatu asubuhi, ndoo zikiisha. Hapo ndipo nilipokielewa kitu ambacho maduara yangu hayakukionyesha. Kosa la wengi liliwauma wao wenyewe, wakalirekebisha. Kosa letu sisi wanne halikutugusa, na tungeweza kuishi nalo hadi kufa. Lilimgusa mtu niliyekula naye meza moja, nami nikadai ushahidi.

Mwezi uliofuata tulipanda gari la asubuhi kwenda Musoma, ndoo ikiwa imejaa nyumbani. Daktari alisema jicho limepoteza sehemu ya nuru, na iliyopotea hairudi. Iliyobaki italindwa kwa dawa ya matone, mradi kliniki zisikoswe. Alimfunika jicho la kulia, akamtaka aseme anachokiona.

Mke wangu alinigeukia, akanitazama kwa muda.

"Namwona mzee mmoja," alisema. "Shati lake halijapigwa pasi."

Nililitazama shati. Ilikuwa kweli. Tangu siku ile matone ninamtia mimi, asubuhi na jioni, naye hunihesabia kwa sauti ili nisizidishe.