Saa Tano Kasoro Dakika Ishirini

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya nikiwa darasa la tano, kwa neno moja tu: "Ndiyo." Sentensi hiyo nimeiandika mara sita na kuifuta mara tano, kwa hivyo nivumilie. Mimi ni mtu wa kufuta. Hata daftari lililonirudisha kwenye kosa lenyewe limetobokatoboka kwa ufutio. Nililipata Oktoba iliyopita, tulipobomoa jiko la zamani la susu kule Ndithini. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Daftari lilikuwa darini, limefungwa kwa kitambaa pamoja na kitete chake, kibuyu cha kuhifadhia mbegu. Sikuliweka hapo mimi.

Wakati ule stima ilikuwa kitu cha watu wa mjini. Giza la kwetu lilikuwa giza kweli. Ulinyoosha mkono usione vidole. Lakini ukiinua uso! Baada ya chakula tulitandika gunia uani, susu akawa anapukuchua mbaazi kwa kupapasa, nami nikalala chali. Harufu ilikuwa ya moshi na mbuzi na vumbi la Septemba. Mbuzi walicheua. Nyota zilijaa mpaka nikahisi nikiachilia gunia nitaangukia juu, na kweli nililishika kwa mikono miwili. Nilijaribu kuzihesabu. Nikifika mia mbili na kitu nilipotea, nikaanza upya, nikakasirika hadi machozi. Susu alicheka akasema, "Mume wangu, hata aliyeziweka hajakutuma uhesabu." Aliniita mume wake kwa sababu nilipewa jina la babu. Utani huo ulinipendeza, na pia ulinitisha kidogo, kwa maana babu alisifika kuwa mtu asiyekosea.

Kulikuwa na nyota zenye kazi. Kilimia ni kikundi kidogo, kama konzi ya mtama iliyomwagika mahali pamoja. Kanuni ya susu ilikuwa hii: kilimia kikionekana upande wa Kithyoko, mashariki, wakati wa kuosha sahani za jioni, zika mbegu kwenye udongo mkavu, mvua itazikuta zikingoja. Ukichelewa, mvua zetu ni chache, zitapita. Ukiwahi sana, kimvua cha kudanganya kitaziotesha na jua lizimalize. "Mvua haimngoji anayetafuta jembe," alisema, "wala haimkimbilii aliyelala na jembe mkononi." Jirani yetu, mwenye plau na ng'ombe wawili, hakupanda hata punje moja kabla ya neno la susu.

Mwaka ule macho ya susu yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Akaniambia, "Mume wangu, mwaka huu macho ni yako."

Hebu fikiria kumwambia hivyo mtoto aliyelia kwa kupata tisini na nane. Nilichora mistari kwa rula daftarini: tarehe, saa, mahali. Baba, aliyefanya kazi Athi River, alikuwa ameniletea saa ya mkono yenye mishale inayong'aa gizani. Jioni baada ya jioni niliosha sahani, nikatazama upande wa Kithyoko, nikaandika "Hakuna." Jirani alipita na kuuliza kutoka kwenye ua wa minyaa, "Susu, bado tu? Ama huyu bwana yako anaangalia nyota akiwa amefumba macho?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikazifuta zile "Hakuna" zote, nikaziandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi, kama kwamba shida ilikuwa mwandiko.

Usiku mmoja susu alirudi amechoka kutoka kwenye maombi ya jumuiya, akalala mara moja. Nilingoja akorome. Kutoka nje usiku tulikatazwa, kwa sababu ya fisi, lakini nilifungua komeo nikasimama uani bila viatu. Sikuwahi kuona anga la saa hizo. Lilikuwa limegeuka, nyota nilizozijua zimekwenda magharibi na ngeni zimechukua nafasi. Na pale, juu kidogo ya vilima vya Kithyoko, konzi ya mtama. Nilihisi kimetoka kwa ajili yangu. Nikatazama saa nikaandika bila kukosea hata herufi: "Kilimia. Saa tano kasoro dakika ishirini."

Asubuhi, kabla ya uji, nikasema, "Susu, nimekiona."

Aliweka mwiko chini. "Ulipokuwa unaosha sahani? Mimi nikiwa kwa maombi?"

Ningesema saa. Saa ilikuwa imeandikwa daftarini, hatua mbili kutoka pale. Lakini ningekiri nilitoka nje usiku, na zaidi ya hapo, ushindi wangu ungekuwa nusu ushindi. Tena nilijidanganya kwamba nyota ni nyota. Sikuelewa kwamba ile saa ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

"Ndiyo," nikasema.

Siku ya tatu ng'ombe wa jirani waliingia na plau shambani kwetu, kisha kwake. Susu aliteremsha kitete, akamimina mbegu zilizokaa mwaka mzima kwenye moshi, mahindi na kunde zikiwa na majivu, hakubakiza. Wiki iliyofuata kimvua kikanyesha usiku mmoja. Jirani alituita kwa furaha tuone mistari ya kijani. Kisha jua likatoka, likakaa. Nilibeba maji niliyoogea kwa kikombe, nikimwagia mstari mmoja jioni nikidhani hakuna anayeona. Majani yalijikunja kama mikono ya watoto wachanga, yakawa karatasi. Mvua ya kweli ilipofika, ilikuta udongo mtupu. Mwaka huo uji wa asubuhi tuliunywa na jioni.

Jirani alikuja hadi mlangoni. "Susu, nyota yako imekula mbegu zetu! Mimi niko na watoto sita, nitawapikia kilimia?" Kisha akanigeukia. "Ama ni huyu aliangalia?"

Susu hakuinuka kwenye kigoda. "Muache mtoto. Nilikiona mwenyewe. Macho yangu ndiyo yalinidanganya."

Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za anga. Alipanda kwa kusikiliza redio, na akisifiwa mavuno alisema ni ya redio. Alifariki nikiwa kidato cha pili. Baadaye, nikijifundisha nyota peke yangu kwa kitabu kisicho na jalada, nilisoma kwamba nyota huwahi kuchomoza kwa kama dakika nne kila siku. Nilipiga hesabu mara tatu. Ili kilimia kihame kutoka saa ile hadi saa mbili na nusu ya kuosha sahani, tungengoja mwezi mmoja tu.

Ndiyo maana lile daftari lilinikalisha chini katikati ya vumbi la jiko. Susu hakujua kusoma. Sijui kama alimpa mtu amsomee ukurasa ule, kabla au baada ya jirani kuja mlangoni. Nimejaribu kuchagua jibu moja, nimeshindwa.

Jioni hiyo niliosha sahani makusudi, nikatoka uani. Sokoni kuna mlingoti wa taa sasa, na upande wa Kithyoko anga lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Jirani, mzee wa mkongojo siku hizi, alinikuta nimekodoa macho. "Wewe! Bado unatafuta ile nyota? Mimi naambiwa na simu siku ya kupanda."

Nikamwambia. Nilisema saa na dakika zake.

Aliukita mkongojo wake chini. "Aki wewe," akasema. "Na mimi miaka hiyo yote nikimcheka mama wa watu, nikimwita kipofu wa nyota." Akaondoka bila kuniaga.

Kilimia hakionekani tena kutoka uani kwetu wakati wa kuosha sahani. Jirani amejua ni nani aliyekosea. Susu nilikuwa na zaidi ya miaka minne ya kumwambia, na sikumwambia.