Taa za Sarla

Martina, fundi cherehani kutoka Muheza, aliwashonea nguo za ngoma wanawake wa Braj, pande za kaskazini mwa India, waliokuwa wakiishi Dubai. Chumba chake katika mtaa wa International City kilijaa marinda, vioo vidogo na mitandio. Mteja wake wa moyoni alikuwa Sarla, mpishi wa makamo, ambaye yeye alimwita didi, yaani dada kwa lugha yao. Sarla ndiye aliyecheza charkula: ngoma ya kubeba kichwani mnara wa mbao wenye taa za mafuta zinazowaka, uso umefunikwa ushungi, na taa nyingine mikononi.

Machi ya 2016, karibu na sikukuu ya Holi, Sarla alikuja kupimwa blauzi. Pini ikateleza, ikamzama kidoleni. Damu ikachuruzika. Sarla akaendelea kusimulia habari za binti yake, wala hakupepesa jicho.

"Didi, nimekuchoma!"

Sarla akakitazama kidole kama cha mtu mwingine.

"Tangu lini huna hisia?" Martina akauliza, akikifunga kidole kwa kipande cha kitambaa.

"Tangu baridi iingie. Shingo ikiuma, vidole vinalala. Usiseme, Martina. Kiongozi wetu Raghunath akijua, mnara atampa mwingine."

"Si upumzike kidogo?"

"Mama yangu aliucheza mpaka uzeeni. Nikiutua mimi, sitaupandisha tena."

Martina akampa neno lake, ila tangu hapo hakulala vizuri.

Jioni ya ngoma, katika bustani ya jumba moja mtaani Al Twar, upepo wa jangwani ulianza kuchachamaa. Martina akamfuata Raghunath.

"Sir, leo tumieni taa za betri. Upepo huu haufai kwa moto."

"Yalla, haya, Martina, kamalize kufunga mitandio. Wageni wamekuja kuona moto."

Martina akalowesha blanketi, akasimama pembeni.

Ngoma ikalia. Sarla akaingia akizunguka, magoti yakiinama, mnara hautikisiki, ndimi za moto zimelala upande mmoja. Watu wakashangilia. Martina aliitazama mikono tu. Mafuta yalimwagika kwenye vidole vya kulia, na moto ukayafuata. Sarla alikuwa akiimba. Harufu ya nyama inayoungua ikamfikia Martina kabla hajaamini macho yake.

"Didi, itupe taa!"

Sarla akageuka taratibu, kwa mwendo ule ule wa ngoma. Mkono wa blauzi ukalipuka. Martina akamrukia na blanketi, wakaanguka wote, mnara ukavunjikia nyasini.

Sarla alipona, lakini vidole viwili vilikatwa. Daktari alisema mishipa ya fahamu ya shingo ilikuwa imebanwa na uzito wa mnara kwa miaka mingi. Sarla akarudishwa kwao kabla ya joto kali. Kwenye uwanja wa ndege alimkumbatia Martina kwa mkono mmoja.

"Hukumwambia mtu," alisema.

Martina hakujua kama alikuwa akishukuriwa au akilaumiwa, na hakuthubutu kuuliza. Raghunath alipomletea vitambaa vya msimu uliofuata, alimrudishia pale pale mlangoni. Siku hizi anashona sare za walinzi.