Niliacha sikio langu lioze kwa sababu lilikuwa linasikia injini vizuri

Wakuu, habari za popote mlipo. Hii ni stori yangu mwenyewe, sijaisikia kwa mtu. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, msinihurumie.

Mimi ni fundi wa magari. Gereji yangu iko Ruiru, upande wa Kiuu. Nina mke, na binti mmoja anaitwa Shiru.

Sikio langu la kushoto lilianza kutoa usaha nikiwa class four. Mamangu alipasha mafuta ya kupikia kidogo, akatia tone mbili, akaziba na pamba. Likakauka. Baada ya wiki chache likarudi.

Huo ndio ulikuwa mtindo hadi nikaota ndevu. Linatoka, nanunua drops kwa chemist, linakauka, nasahau, linatoka tena. Halikuwa linauma, na kitu kisichouma mwanaume hakipeleki hospitali.

Harufu ilikuwepo, sitaficha. Kanisani nilikuwa nakaa mwisho wa benchi, kushoto kabisa, ukutani, ili upande huo nisiwe na jirani. Kusikia nako kulikuwa kumeshuka sana. Ukiniita ukiwa kushoto kwangu, ungedhani nakuringia.

Sasa hapa ndipo ujinga unaanza.

Fundi akitaka kujua sauti mbaya inatoka wapi kwa injini, anachukua screwdriver ndefu. Ncha anaigusisha kwa injini, mpini anaubana kwa mfupa ulio nyuma ya sikio. Bearing ikiwa imeisha, utaisikia ikikwaruza. Hiyo si siri, mafundi wengi wanafanya.

Siku moja mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika taa, kwa hivyo nikabana mpini upande wa kushoto, upande mbovu. Nikasikia injini yote, kila kitu mahali pake. Nikahamisha kulia: kelele za barabara, jirani anachomelea geti, injini iko mbali. Nikarudisha kushoto: safi kabisa.

Kutoka siku hiyo nikawa nasikilizia kushoto tu. Jina likatoka. Mafundi wengine wakaanza kuniletea gari zilizowashinda. Nami nikaamini kwa moyo wote kwamba hili sikio limekufa kwa watu lakini kwa injini liko hai, na kwamba ule usaha ndio unalifanya hivyo.

Mke wangu aliniambia niende hospitali hadi akachoka.

"Mama Shiru, hili sikio ndilo linatulisha," nilikuwa namjibu. "Wakilitibu likaacha kusikia injini, tutafanya nini?"

"Na likikuua?"

Nilikuwa nacheka. Alikuwa anauliza swali la kweli na mimi nacheka.

Mwaka jana mambo yakabadilika. Kwanza kizunguzungu. Nikibana mpini nyuma ya sikio, gereji inazunguka kidogo halafu inatulia. Nikasema ni njaa. Halafu maumivu ndani ya sikio, ya kuchimba, na kichwa upande huo. Nikameza dawa za maumivu nikaendelea na kazi.

Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai, ikaanza kumwagika kwa kona ya mdomo. Shiru akaniangalia akasema, "Daddy, uso wako umeenda upande." Nikaenda kwa kioo. Jicho la kushoto lilikataa kufunga. Niliogopa, hilo nalisema wazi.

Mke wangu alidhani ni stroke. Alichukua pickup ya mteja iliyokuwa imemalizwa kutengenezwa, akaniendesha mpaka hospitali moja Thika. Yule mteja aliambiwa gari iko road test.

Daktari wa masikio alikuwa mama mmoja mtulivu. Swali lake la kwanza halikuwa la uso.

"Hili sikio limetoa maji tangu lini?"

"Tangu class four."

Aliandika, hakunigombeza. Hiyo iliniuma kuliko kugombezwa.

Nikamweleza kuhusu injini, maanake niliona lazima ajue anashika kitu cha thamani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kile kichuma chao cha meno mawili, akakigonga kwa kiwiko, akaniwekea katikati ya paji la uso.

"Sauti iko wapi?"

"Kushoto," nikasema, nikijivunia.

Akamgeukia mke wangu, ambaye masikio yake ni mazima. Akamwambia azibe moja kwa kidole, lolote. Akamwekea kile kichuma kwa paji la uso.

"Mama, unasikia upande gani?"

"Huu niliofunga."

"Basi hata wewe ni fundi," daktari akasema.

Akanieleza polepole. Sikio likiziba, kelele za nje haziingii, kwa hivyo ile sauti inayopita kwa mfupa inasikika zaidi. Ngoma ya sikio langu ilikuwa imetoboka na vile vifupa vidogo vya ndani vimeliwa. Nilichoita kipaji kilikuwa dalili ya ugonjwa. Ningeziba sikio zima kwa kidole ningepata kitu kilekile.

Miaka yote hiyo nimelinda tundu.

CT scan ilionyesha mabaya zaidi. Kulikuwa na ngozi imeota ndani ya sikio, inajikunja tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, inakula mfupa. Ilikuwa imefikia mshipa wa fahamu unaoendesha uso na iko karibu na ubongo. Inaitwa cholesteatoma. Haiishi kwa drops, inatolewa kwa operation.

"Nitabaki nikisikia upande huo?" nikauliza.

"Siwezi kuahidi. Natoa ugonjwa kwanza, ubaki hai."

Hata hapo, wakuu, na uso umepinda, niliomba wiki moja ya kufikiria. Mke wangu aliniwekea kalamu mkononi. Nikasaini, wakanipasua.

Uso umerudi, karibu wote. Nikicheka sana bado utaona kona moja imechelewa. Kizunguzungu kimeisha. Usaha umeisha, na mto wangu hauna harufu kwa mara ya kwanza tangu utoto.

Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia sikio la ndani. Siku hizi nikibana mpini upande wa kushoto hakuna kitu, hata kwa mfupa. Kimya. Nasikilizia kulia, nimeziba sikio hilohilo kwa kidole, na kazi inaenda. Ningeenda mapema wangeziba ngoma tu na ningekuwa na masikio mawili.

Nilichojifunza ni rahisi. Sikio linalotoka uchafu wiki baada ya wiki si la mafuta wala pamba wala drops za kubahatisha. Lipeleke kwa mtu wa masikio, hasa la mtoto. Aliyepitia hii kitu aandike hapa chini, na mwenye swali aulize, nitajibu ninachokijua.

Sasa sababu ya kuandika.

Miezi michache kabla uso wangu upinde, fundi mmoja wa Mwiki alikuja gereji kwangu na gari iliyokuwa inamsumbua. Alikuwa na pamba kwa sikio la kulia. Tukaongea kama watu wa kabila moja. Akanionyesha barua ya clinic inayomtuma kwa daktari wa masikio, akaniuliza aende ama asiende.

Nilimshikisha screwdriver yangu, nikamwambia ajaribu upande huo. Alifurahi sana. Nikamwambia asikubali waguse hilo sikio. Alinishukuru, akaweka barua mfukoni, akaenda.

Nimezunguka gereji za Mwiki nikimuuliza. Sikumuuliza jina siku ile, na sijampata.

Fundi, kama unasoma hapa, nenda na hiyo barua. Kama uliitupa, nenda bila barua. Mimi ndiye niliyekwambia usiende.