Shemeji Aliyekataa Kulisalimia Jiwe

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Dada yangu alikuwa amelazwa hospitali ya Haydom, mimba ya kwanza. Asubuhi akatuma ujumbe: uchungu umeanza, mume wangu aje, naogopa. Nikampakia shemeji kwenye pikipiki pale Endasak. Mtu wa mjini huyo. Tulipopita Balangdalalu akaona yale mawe yaliyosimama kwenye uwanda mkavu, moja juu ya jingine.

"Shemeji, simama. Dakika tano tu, picha moja."

Mke ana uchungu, yeye anataka picha! Na mimi mjinga nikasimama.

Katikati ya mawe alikuwepo mzee mrefu, shuka begani, fimbo mkononi. Nikainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Na shemeji je? Akamnyooshea simu tu. "Mzee, hebu nipige moja."

Niamini, nilitamani ardhi inimeze. Mzee akapokea simu, akamtazama. "Na wewe huna salamu?" Nikageuka kumkemea shemeji. Nilipomgeukia tena mzee, pale aliposimama palikuwa na jiwe, na simu iko juu yake.

Tukaichukua, tukakimbilia pikipiki. Nimechunga ng'ombe uwanda huu tangu utoto, lakini kila tulipoondoka tulijikuta palepale, mbele ya jiwe lile. Mara nne!

"Lisalimie," nikamwambia.

"Nisalimie jiwe? Mimi nina diploma."

Diploma! Jua linashuka, dada yangu yuko peke yake, huyu ananitajia diploma. Mara ya saba nikazima pikipiki, nikamwambia siwashi tena mpaka asalimie. Akainama, akanong'ona, "Shikamoo."

Jiwe likaitikia. "Marahaba." Sauti ileile ya mzee.

Hapo njia ikaonekana. Tulifika Haydom giza limeingia, mtoto ameshazaliwa, dada macho yamevimba kwa kulia. Akauliza tulikuwa wapi. Unajua shemeji alijibu nini? "Kaka yako alipotea njia."

Mpaka leo anakana. Juzi nilimkuta nyuma ya nyumba yake ameliinamia jiwe la kunolea panga, analiambia shikamoo. Aliponiona akajifanya anafunga viatu. Alikuwa amevaa kandambili!

Sasa nakuonya wewe: kama kuna mtu anakusubiri, usisimame kwenye yale mawe, hata kwa picha moja. Mzee alitusamehe kwa salamu moja tu. Dada yangu bado.